Una Nini Nyumbani? Neno kwa Anayetafuta Kazi

Andiko kuu: Luka 16:1-8
Soma pia: 2 Wafalme 4:1-7, Warumi 12:3, Wagalatia 6:4-5

 

Jumapili iliyopita nilianza mahubiri na ungamo. Kwa sababu wengine mlikuwa bado njiani, naliandika hapa tena ili nisionekane nimelikwepa.

Juzi nilikutana na msimamizi wa shamba moja la maua pande zetu hizi. Tukasalimiana, tukaongea mambo ya mvua na bei ya mahindi. Halafu akaniambia kwa upole, "Pasta, samahani nikwambie kitu. Barua zako zote ni moja." Nikamuuliza, barua gani? Akasema zile za kupendekeza vijana wa kanisa. "Kila anayetoka kwako ni mwaminifu, mchapakazi na mcha Mungu. Sasa mimi nichague nani? Wewe niambie huyu anajua kufanya nini."

Nilirudi ofisini nikafungua kompyuta. Kweli kabisa. Barua 31 za mwaka mmoja, maneno yale yale, jina tu ndilo linabadilika. Niliziandika kwa upendo, Mungu anajua. Lakini niliwaandikia watu ambao sikuwa nimewauliza swali hata moja. Wengine nimewawekea mikono mara nne, mara tano, kwa hitaji lile lile la kazi, na kila mara nikawaambia, "Nenda kwa amani, mlango unafunguka." Sikuwahi kuuliza: ndugu yangu, ukifika kwa huo mlango utasema wewe ni nani?

Kwa hivyo neno hili linaanza na mimi. Nisamehewe, halafu tuendelee.

Mtu aliyefutwa kazi ndani ya Biblia

Fungua Luka 16. Huyu mtu tumemzoea kama wakili dhalimu, na ni kweli alikuwa mdanganyifu. Lakini leo mtazame kwa upande mwingine: ni mtu aliyefutwa kazi. Tajiri amesikia habari zake, amemwita, amemwambia alete hesabu, kazi imekwisha. Hana barua ya kumsifu. Hana akiba inayotajwa. Ana muda mfupi tu kabla ya kukabidhi vitabu.

Alifanya nini kwanza? Angalia vizuri mstari wa 3. Kabla hajamwendea mtu yeyote, alisema na moyo wake. Alikaa chini akajiuliza. Jembe siliwezi. Kuombaomba naona haya. Halafu mstari wa 4 akapata jibu: najua la kufanya. Alikuwa anawajua wadeni wote wa tajiri, anajua kila mmoja anadaiwa nini, huyu vipimo 100 vya mafuta, yule vipimo 100 vya ngano. Hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake: hesabu na watu.

Yesu hakumsifu kwa wizi. Hapo tusimame imara, maana kuna mtu anaweza kutoka hapa akasema pasta ametupa ruhusa ya kughushi. Hapana. Alichosifiwa ni busara. Na Yesu anaongeza neno linalotuuma sisi watu wa kanisa, kwamba watu wa dunia hii wana akili kwa mambo yao kuliko watoto wa nuru. Yaani mdanganyifu anajipima kabla ya kutoka nyumbani, na mwana wa Mungu anatoka bila kujua ana nini mfukoni!

Mimi mwenyewe nilipomaliza chuo nilikaa zaidi ya mwaka mmoja nikitarmaki Nakuru. Digrii ya biashara ninayo. Darasani tulifundishwa kuipima kampuni: nguvu zake, udhaifu wake, nafasi zilizopo, hatari zinazokuja. Nilipima kampuni za soda, nikapima benki, nikapata alama nzuri. Lakini mimi mwenyewe sikuwahi kujiweka kwenye hiyo meza. Nikiulizwa unatafuta kazi gani, nilijibu, "Yoyote tu." Nilidhani huo ni unyenyekevu. Siku moja mzee mmoja akaniambia, "Kijana, kazi inayoitwa yoyote haina ofisi." Nilikasirika, lakini alikuwa sawa.

Sina, ila...

Sasa twende 2 Wafalme 4. Mjane, mume wake alikuwa mcha Mungu, amekufa akaacha deni. Anayedai anakuja kuchukua watoto wake wawili wawe watumwa. Hapo hakuna mchezo. Elisha angeweza kuomba dua ndefu, lakini aliuliza kwanza: una nini nyumbani?

Mama akaanza kama sisi tunavyoanza. Sina kitu. Kisha akaongeza neno moja dogo: ila. Ila chupa ya mafuta.

Katika Kiswahili chetu neno ila lina maana mbili. Ila ni kasoro. Na ila ni isipokuwa. Wengi wetu ila za kwanza tunazijua kwa kichwa: sina digrii, nilipata D, sina mtu wa kunishika mkono, umri umeenda. Hizo tunaweza kuzitaja tukiwa usingizini. Lakini ila ya pili, ile ya mjane, hatujaitafuta. Muujiza haukuanzia kwa alichokosa. Ulianzia pale baada ya neno ila.

Kuna dada hapa kanisani alinijia akasema, "Pasta niombee, sina kazi na sina ujuzi wowote." Nilikuwa karibu kufumba macho niombe, nikakumbuka zile barua. Nikamuuliza, "Kongamano la Agosti nani alipika?" Akasema ni wao akina mama. "Nani alikuwa anapanga?" Akasema ni yeye. Watu 300, siku 4, chai, chakula cha mchana na cha jioni. Nani alikwenda sokoni? Yeye. Nani alishika pesa? Yeye, na alirudisha salio na risiti. Miaka sita amefanya hivyo, na mdomo wake unasema sina ujuzi, na mimi mchungaji wake nilikuwa karibu kusema amina!

Karatasi ya kujipima

Wagalatia 6:4 inatuambia kila mtu apime kazi yake mwenyewe, bila kujilinganisha na jirani. Kwa hivyo tumetengeneza karatasi moja yenye sehemu tano. Haihitaji simu kubwa wala bando. Kalamu tu, na ukweli. Kwenye intaneti kuna vipimo vingi, na vingine vina maana. Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, John Holland, alianza kuwapanga watu katika aina sita kulingana na kazi zinazowavutia, na mpaka leo vipimo vingi vinatumia mpango wake. Vinasaidia kujua unapenda nini. Lakini kupenda si kuweza, na kipimo cha Marekani hakijui Salgaa kuna kazi gani. Tuanze na hapa petu.

1. Nimefanya nini? Andika kazi zote ulizofanya kwa miezi 12 iliyopita, ziwe zililipwa au hazikulipwa. Usiandike cheo, andika kitendo na idadi. Usiseme "nilikuwa kwa mjengo." Sema ulichanganya zege, ulipanga mawe, fundi akakuachia kona ukazipiga mwenyewe, nyumba ngapi. Usiseme "nilisaidia duka la shangazi." Sema uliuza miezi 7, ulishika pesa taslimu na M-Pesa, na hesabu ya jioni ilikuwa inatoka sawa. Kukamua ng'ombe, kunyunyizia mahindi dawa, kuendesha vyombo vya sauti hapa kanisani, kumuuguza mama mgonjwa, kuchapa ripoti ya vijana. Yote andika.

2. Nimefika kiwango gani? Kando ya kila kitendo weka namba. 1 ni nimeona kikifanywa na nimejaribu. 2 ni naweza kukifanya nikisimamiwa. 3 ni nakifanya peke yangu na naweza kumfundisha mwingine. Ukimaliza, mpe mtu aliyekuona ukifanya kazi aweke namba zake bila kuona zako. Halafu mkae mlinganishe. Hapo ndipo kuna dawa, na inachoma kidogo. Kuna ndugu amejipa 3 kwa kuchomelea na fundi wake amempa 1. Kuna dada amejipa 1 na mwajiri wake wa zamani amempa 3. Warumi 12:3 inatuonya tusijione wakubwa kupita kiasi, tujione kwa kiasi. Na kiasi ni kwa pande zote mbili: anayejipunja hajajipima kwa kiasi, kama vile anayejipandisha.

3. Mipaka yangu ni gani? Wakili alitaja vitu viwili, na ni vitu tofauti. Kulima hakuweza. Kuomba aliona haya. Gawanya karatasi yako hivyo hivyo. "Siwezi kubeba magunia, mgongo uliumia" ni siwezi. "Siwezi kuuza mayai stendi, wenzangu wa chuo wataniona" hiyo ni haya, na tuiite kwa jina lake. Haya nyingine ni nzuri, kama haya ya kuomba hongo. Nyingine ni kiburi kimevaa koti. Hapa pia andika saa unazoweza, mtoto anabaki na nani, na nauli. Tuseme kibarua ni cha shilingi 500 kwa siku, na matatu ya kwenda na kurudi ni 200. Unabaki na 300 kabla hujala. Bora uijue hesabu hiyo kabla ya kusema ndiyo, kuliko kuacha kazi baada ya wiki moja na kuharibu jina.

4. Nani atasema? Andika watu watatu waliokuona ukifanya kazi, na namba zao za simu, baada ya kuwaomba ruhusa. Wakili aliwaita wadeni mmoja mmoja. Alijua watu gani wanamjua. Jina la mchungaji liweke tu kama mchungaji amekuona ukifanya kazi. Mimi sasa ndivyo nitakavyofanya.

5. Kamba yangu inakatikia wapi? Hii ni daftari ya kila wiki. Andika umeuliza kazi mahali pangapi, umejibiwa na wangapi, umeitwa mahojiano mara ngapi, umepata nini. Baada ya wiki nne daftari itakuonyesha. Kama umeuliza mahali pawili tu mwezi mzima, shida bado si waajiri, hujatoka. Kama umepeleka maombi 20 na hakuna aliyejibu, angalia karatasi zenyewe, CV na barua, au unaomba kazi zisizolingana na sehemu ya 1. Kama unaitwa mahojiano na unaishia hapo, tufanye mazoezi ya kujieleza. Kama unapata kazi lakini hazidumu, rudi sehemu ya 3, na tuongee faragha bila kuhukumiana. Mtu anayejua kamba inakatikia wapi anafunga fundo pale pale. Na maombi yake pia yanakuwa na anwani.

Je, hii inasaidia kweli?

Najua kuna mtu anasema pasta ameleta mambo ya chuo madhabahuni. Nikuambie lililotokea kwa majirani zetu Addis Ababa, Ethiopia. Watafiti walichukua vijana waliokuwa wakitafuta kazi. Kundi moja likapewa nauli ya kwenda katikati ya mji kutafuta kazi. Kundi jingine likapimwa ujuzi, likapewa vyeti vya matokeo, likafundishwa kuandika CV na kujibu mahojiano. Kundi la tatu halikupewa kitu. Mwanzoni makundi yote mawili yaliyosaidiwa yalifaidika. Lakini walipowatafuta tena miaka minne baadaye, faida ya nauli ilikuwa imeisha, na wale waliosaidiwa kuonyesha ujuzi wao walikuwa wakipata pesa zaidi na kudumu kazini zaidi.

Nauli si mbaya, tutaendelea kusaidiana nauli. Lakini nauli inakufikisha mlangoni, na ukifika mlangoni utaulizwa lile swali la Elisha.

Na sisi Kenya tuna njia za kuuthibitisha ujuzi. Wewe uliyejifunza ufundi juakali, uashi, umeme, kuchomelea, ushonaji, gereji, unaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, unaoanzia gredi 3, kisha 2, kisha 1. Pia kuna mpango ulio chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa, KNQA, wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata kazini bila kukaa darasani. Na unajua hatua mojawapo ya mwanzo ya mpango huo ni ipi? Mwombaji anajipima mwenyewe, halafu anakusanya ushahidi wa kazi zake, ndipo mtahini aje. Kwa hivyo anza leo kupiga picha kazi zako. Ule ukuta, ile nguo, ule mlango. Uliza ada na tarehe kabla ya kulipa, na ulipe kwa njia rasmi pekee.

Maonyo matatu

La kwanza, usiuziwe kazi. Mtu akikuambia lete pesa kwanza ndipo upate kazi, iwe Nakuru, iwe Qatar au Saudia, hata kama anasema Bwana asifiwe, njoo utuulize kabla hujatuma. Kuna familia hapa imeuza ng'ombe ikabaki na namba ya simu isiyopatikana. Wakala wa kupeleka watu ng'ambo lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Hakikisha kwanza. Na tangu mabadiliko ya sheria ya ajira ya mwaka 2022, mwajiri hapaswi kukudai vile vyeti vya kuidhinishwa, cha polisi, cha KRA, cha HELB na vinginevyo, kabla hajaamua kukupa kazi. Usimalize pesa za unga kwa makaratasi ambayo hakuna aliyekuahidi kitu.

La pili, karatasi hii haiumbi nafasi za kazi. Kuna watu wamejipima vizuri, wana ujuzi, wanaomba kila siku, na hawajapata, kwa sababu nafasi ni chache, na kwa sababu kuna hongo na ukabila. Hiyo ni dhambi ya anayeifanya. Asitokee mtu hapa kumwambia ndugu yake, "Hujapata kazi kwa sababu imani yako ni ndogo." Mjane wa 2 Wafalme alikuwa na deni, na hakuna mahali alipoambiwa ni laana.

La tatu, kujipima hakuchukui nafasi ya maombi. Elisha aliuliza swali, na mafuta yaliongezwa na Mungu. Lakini angalia: mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha. Mjane aliazima vyombo kwa majirani. Chombo ndicho sehemu yetu.

Na hapo ndipo wenye kazi mnapoingia

Majirani wa yule mama hawakutoa pesa. Walitoa vyombo vitupu. Wewe uliyeajiriwa, wewe mwenye gereji, hoteli, shamba, duka la dawa, sikuombi uajiri mtu. Nakuomba saa moja. Kaa na kijana mmoja umpe namba za kweli katika sehemu ya 2. Umwambie kazini kwenu wanaangalia nini. Shamba la maua linaongeza watu lini, mnataka nini kwa mtu wa kupakia, dereva wa lori anaanzia wapi. Hicho ni chombo. Azimisha.

Yule dada wa jikoni alijaza karatasi. Niliandika barua yake upya, na nilitaja watu 300, siku 4 na risiti. Ameanza kuitwa siku tatu kwa wiki jikoni mwa shule moja. Si kazi ya kudumu bado. Tunaendelea kuomba, na sasa tunajua tunaomba nini: siku mbili zilizobaki. Na wale wengine 30 wa barua zangu, nawaita mmoja mmoja. Kama ulichukua barua kwangu mwaka huu, njoo uirudishe. Tuandike nyingine.

Kazi ya wiki hii

Karatasi zinapatikana kwa mashemasi mlangoni, bure. Jaza sehemu ya 1 na ya 2 kabla ya Jumamosi. Jumamosi saa nne asubuhi tutakuwa ukumbini, wenye kazi na wasio na kazi, tulinganishe namba. Njoo na kalamu. Kama huwezi kuandika, njoo hivyo hivyo, tutakuandikia wewe ukisema.

Katika ushirika wa nyumbani, jadilini: (a) Katika karatasi ya sehemu ya 3, ni wapi nimeandika "siwezi" na ukweli ni "naona haya"? (b) Ni ujuzi gani ninaouona kwa ndugu yangu ambao yeye mwenyewe hauoni? Mwambie leo, kwa jina, mbele ya wengine.

Tuombe

Baba, wewe unajua tulivyoumbwa na unajua tulichonacho nyumbani. Tusamehe sisi wachungaji tulioombea watu bila kuwasikiliza. Mpe kila anayetafuta kazi macho ya kuona chupa yake ya mafuta, na ujasiri wa kuitaja bila kuongeza na bila kupunguza. Wape wenye vyombo mioyo ya kuazimisha. Zuia mkono wa anayewala maskini kwa ahadi za uongo. Na riziki ya leo, Bwana, utupe leo. Katika jina la Yesu. Amina.

Mchungaji msaidizi